Treva Atafutiwa Shida

Treva Lambright amepeleka nyumba mia sita na kumi na moja katika miaka kumi na tisa, na hajalala ndani ya hata moja. Nyumba zenyewe ni zile zenye injini na magurudumu, kitanda nyuma, jiko katikati, choo cha kujibana pembeni. Zinaundwa huku kwetu kaskazini mwa Indiana na kuuzwa nchi nzima kwa wastaafu wanaotaka kuona milima kabla magoti hayajagoma. Kazi ya Treva ni kuzitoa kiwandani na kuzifikisha kwenye yadi ya muuzaji, iwe Oregon, Texas au Maine. Anakwenda peke yake. Nyuma anafunga kigari chake cha kijivu, kinaburutwa hadi mwisho wa safari, halafu anakipanda na kurudi nacho. Masharti ya kampuni hayana mjadala: usikalie kochi, usiwashe jiko, usiingie chooni, usitoe nailoni kitandani. Kwa hiyo mama wa miaka hamsini na mbili anavuka majimbo saba na kitanda kizuri mgongoni, na jioni anatafuta moteli ya bei ya chini nyuma ya kituo cha mafuta.

Hilo halimkasirishi. Kazi ni kazi, na gari la watu ni la watu. Hasira zake ziko kwingine, na mimi nikizisimulia huwa na zangu zinapanda, mnisamehe.

Treva alizaliwa Mwamishi, binti wa Orva Lambright, fundi makabati. Waamishi ni Wakristo wa desturi za zamani, hawamiliki magari wala hawayaendeshi, wanatumia farasi. Lakini kuyaunda wanayaunda. Nenda kiwanda chochote cha magari-nyumba huku saa kumi na moja alfajiri, utawaona wanaume wenye ndevu na kofia za majani wakishushwa kwenye mabasi madogo ya kukodi, kila mmoja na kikapu chake cha chakula. Orva alifunga makabati ya magari-nyumba kwa miaka ishirini na sita na hakuna aliyemwambia kitu. Treva naye alikaa kwenye cherehani miaka kumi na moja akishona mapazia. Mapazia ya madirisha yatakayoona bahari zote mbili, na yeye mshonaji hajawahi kufika mbali kuliko Fort Wayne, humu humu Indiana.

Aliyemharibu, kama wanavyosema wao, ni msimamizi wa yadi aitwaye Gary, aliyechoka kumsubiri dereva kila gari lilipotakiwa kusogezwa hatua ishirini. Akamwita Treva, akamwonyesha breki, akamwonyesha gia. Baada ya wiki tatu Treva alikuwa anarudisha nyuma gari la futi thelathini na tano kati ya nguzo mbili bila kugusa. Baada ya mwaka akaenda kuchukua leseni. Alikuwa na miaka thelathini na tatu.

Angeichukua kabla ya kubatizwa, wangesema ni utundu wa ujana, utapita. Lakini Treva alibatizwa akiwa na miaka kumi na tisa, alipiga magoti mbele ya kanisa akaahidi. Wakampa wiki sita atubu na kurudisha leseni. Hakurudisha. Wakamtenga.

Sasa, kutengwa kwenyewe kukoje? Si kwamba hawamsemeshi. Wanamsemesha, wanamuuliza habari za njiani, wanacheka naye. Ila hawali naye meza moja, na hawapokei kitu mkononi mwake. Akileta keki anaiweka mezani, anasogea, ndipo mtu anaichukua. Wao kumpa yeye, ruksa. Akiugua watamuuguza, akikosa kuni watamletea mkokoteni mzima. Kupokea kutoka kwake ndiko marufuku. Mfikirie mtu aliyeishi hivyo miaka kumi na tisa, anapewa pewa tu kama mgonjwa wakati ana nguvu zake na mikono yake.

Mwezi Aprili mwaka jana simu ililia kwenye kibanda kilicho mwisho wa njia ya nyumbani kwao, maana ndani ya nyumba hawaweki simu. Alikuwa Ervin, mume wa Leanna, anapiga kutoka Montana. Leanna ni mdogo wake Treva, kitinda mimba wa Orva. Aliolewa huko magharibi na kwa miaka sita baba yake hakuwa amemwona. Ini lilikuwa limekwisha. Daktari hakutaja wiki wala mwezi, alisema mwenye hamu ya kumwona aje sasa.

Orva ana miaka themanini na mmoja na nyonga mbovu. Kwa kawaida wangempandisha treni, Waamishi na treni ni marafiki wa siku nyingi, lakini mafuriko yalikuwa yameibeba reli huko Dakota na mabasi ya kuziba pengo yalikuwa yamejaa. Duane, mtu wa nje mwenye basi dogo ambaye huwapeleka kwa malipo, alikuwa na watu wa harusi Ohio hadi Jumamosi. Wengine walisikia neno Montana wakatikisa vichwa. Wilma, mke wa kaka yao Freeman, ndiye aliyemwarifu Treva, Jumapili jioni. Kuarifu si kupokea, kwa hiyo hakuvunja kitu.

Jumatatu saa mbili asubuhi Treva alikuwa dirishani kwa Janelle, mpanga safari wa kampuni.

"Una gari la Montana?"

"La Missoula lipo, nimempa Chuck. Wewe wiki hii una Florida, bahati yako."

"Mpe Chuck Florida."

Janelle akamtazama. "Unaumwa? Huko bado kuna theluji."

"Mpe Chuck Florida, na nipe ile karatasi ya ruhusa ya abiria."

Kutoka Missoula hadi kwa Leanna ni maili arobaini kaskazini. Treva akaenda moja kwa moja kwa Freeman. Freeman ni shemasi wa kanisa, mtu wa taratibu, asiyepiga hata farasi. Baba yao anaishi kwenye nyumba ndogo iliyoungana na ya Freeman, na asubuhi ile alikuwa amekaa dirishani jikoni kwa Freeman na kofia magotini. Alikuwa amevaa koti la kanisani, na ilikuwa Jumatatu.

"Kaka, gari lipo," Treva alisema, amesimama mlangoni. "Linatoka saa sita. Jumatano jioni Baba anaweza kuwa na Leanna. Apande."

Freeman alikuwa na kikombe cha kahawa. "Jibu unalijua, Treva."

"Nalitaka kwa mdomo wako."

"Hatuwezi kupokea safari kwako. Si mimi niliyeweka sheria."

"Kwa Duane mnapokea."

"Duane ni mtu wa nje."

"Duane anaendesha na chupa chini ya kiti. Duane kawaacha wake watatu. Mwaka juzi kawatia mtaroni na mama mjamzito ndani. Na kesho mtapanda tena."

"Duane hakuapa," Freeman alisema taratibu. "Hakuwahi kupiga magoti kanisani kwetu akaahidi neno. Wewe uliahidi."

Eti hakuapa. Kwa hiyo mlevi ambaye hajawahi kuahidi chochote katika maisha yake anaruhusiwa kumpeleka mzee kwa mwanawe anayekufa, na binti aliyeendesha maili milioni bila kukwaruza bamba haruhusiwi, kwa sababu siku moja akiwa na miaka kumi na tisa alikuwa mtu wa kuahidi. Damu ilimchemka Treva hadi akashika fremu ya mlango.

"Leanna hamsubiri Duane, Freeman. Jumamosi Duane anatoka Ohio. Afike huku, alale, aende Montana. Atafika na maua ya mazishi."

"Leanna yuko mikononi mwa Mungu."

"Na Baba yuko mikononi mwako. Fungua hiyo mikono."

Wilma akageukia sinki akaanza kuosha sufuria lililokuwa safi. Treva akatoka.

Alikuwa ameshafungua mlango wa kigari chake aliposikia fimbo kwenye kokoto. Baba yake alikuwa anakuja, mguu mmoja ukiburuta. Akasimama mbali kidogo na gari, kama mtu anayekagua hali ya hewa.

"Una shida yoyote, Treva?"

"Shida yangu si umeisikia?"

"Hiyo ni shida yangu. Nakuuliza yako. Unaumwa mahali? Umepungukiwa?"

"Sijapungukiwa, Baba. Nina afya, nina kazi."

Mzee akavuta pumzi, mtu anayemfundisha mtoto mzito wa kuelewa. "Mtu wa kanisa akimkuta aliyetengwa ana shida, lazima amsaidie. Hilo si ruksa tu, ni amri. Nikikusaidia wewe, sijapokea kitu kwako. Sasa nakuuliza mara ya pili, na ufikiri vizuri. Una shida?"

Treva akaelewa, na kuelewa kwenyewe kukamuuma kuliko maneno ya Freeman. "Yaani ili nikubebe, lazima kwanza niwe ombaomba?"

"Ili nimwone Leanna," mzee alisema.

Miaka kumi na tisa hakuwaomba hata kijiko cha chumvi. Paa lake lilipovuja alipanda mwenyewe. Alipovunjika mbavu Nebraska alikaa siku nne moteli na hakumpigia mtu, kwa sababu alijua wangekuja wote na supu, na wangefurahi mno. Hicho ndicho alichokuwa nacho, kwamba hawahitaji. Na sasa baba yake alikuwa anamwomba akitoe. Alitaka kuingia garini na kuondoka zake. Kisha akaliona lile koti la kanisani, limefungwa hadi juu siku ya kazi, akarudi jikoni.

"Freeman," alisema, meno yamebana. "Nina shida."

Freeman akaweka kikombe chini.

"Macho. Yananisumbua. Siwezi kusoma vibao vya barabarani vizuri na safari ni ndefu. Naomba mtu wa kunisaidia kusoma vibao."

Wilma aliacha sufuria. Freeman alimtazama dada yake, akamtazama baba yake aliyesimama nyuma ya Treva, ambaye tangu mwaka juzi haoni jogoo wake mwenyewe ng'ambo ya uwanja. Alijua. Freeman si mjinga.

"Hilo si langu kuamua," alisema mwishowe. "Nitamuuliza askofu."

"Gari linatoka saa sita!"

"Nitakwenda sasa hivi."

Na kweli alikwenda, kwenye mvua, maili kumi na mbili na farasi. Angeweza kupiga simu kutoka kwenye kile kibanda, lakini jambo kama hilo hawaliongei kwenye simu. Askofu alikuwa amekwenda mnadani kuuza ndama. Alirudi jioni, akalala na lile swali, akalijibu asubuhi. Treva alimbembeleza Janelle, Janelle akasema mpaka Jumanne saa sita, ikizidi hapo gari linarudi kwa Chuck. Siku nzima Treva alikaa yadini ndani ya gari lenye safari ya maili elfu moja mia saba mbele yake, limejaa mafuta, amekaa kwenye nailoni, anasubiri mzee mmoja mwenye ndama aamue kama macho yake ni mabovu ya kutosha.

Jibu lilikuja Jumanne saa nne. Orva aende kama msaidizi. Asile naye meza moja, asipokee kitu mkononi mwake, na kazi ya msaada aifanye kweli, isiwe jina tu.

Orva akaifanya kweli. Tangu alipokaa kwenye kile kiti cha mbele, nailoni ikilia chini yake, hakuacha kibao kipite. Alikuwa haoni mpaka kibao kifike usawa wa kioo, kwa hiyo alikuwa anakisoma wakati kinapita.

"Kulia, chakula. Kulia, mafuta. Daraja jembamba."

"Baba, daraja tumeshalivuka."

"Nimesoma lilipofika. Hospitali, maili mbili. Jibini."

"Jibini si kibao cha barabara, ni tangazo."

"Askofu hakusema nichague."

Treva ameizoea njia ile kimya. Huwa hawashi hata redio. Sasa Illinois yote, Wisconsin yote, sauti ya mzee inamtangazia jibini, na kila akitaka kumpa maji inabidi aiweke chupa juu ya dashibodi, atoe mkono, mzee aihesabu kama imetulia, ndipo aichukue. Kwa maili sitini na tano kwa saa. Mara mbili chupa ilibingirika ikaanguka miguuni, na mara mbili wote wawili waliiangalia tu mpaka kituo kilichofuata.

Kwenye mgahawa wa madereva wa malori, Minnesota, Orva alikaa meza yake na Treva yake, migongo ikigusana. Mhudumu alikuwa mama wa makamo, kalamu sikioni.

"Mmegombana?"

"Hapana," alisema Treva.

"Ni baba yako?"

"Ndiyo."

"Basi gombaneni nyumbani. Hapa watu wanatafuta meza, nyie wawili mnakalia mbili." Akaondoka bila kungoja jibu. Treva aliinama juu ya viazi vyake, uso umemwiva. Nyuma yake alimsikia baba yake akicheka kidogo, na hilo lilimkera zaidi, maana yeye hakuona cha kuchekesha.

Jumatano, katikati ya Dakota Kaskazini, nyonga ilimkamata mzee. Hakusema. Alianza kuruka vibao, ndipo Treva akamtazama akaona midomo imekuwa myeupe na mkono umeshika mpini wa mlango. Upepo ulikuwa unapiga gari ubavuni na moteli ya karibu ilikuwa mbali saa mbili na nusu.

"Nikijinyoosha tu," mzee alisema. "Robo saa."

Nyuma yao, hatua nane, kulikuwa na kitanda kikubwa.

"Haturuhusiwi kulala pale, Baba. Nailoni haitolewi. Wanakagua."

"Ah," alisema mzee. "Basi." Kisha, baada ya maili moja: "Sasa umemwelewa kaka yako."

Maili mbili zaidi Treva alishika usukani akiangalia mbele. Kisha akawasha taa ya kando, akasimamisha gari kwenye kituo cha kupumzikia, akaenda nyuma. Akaikamata ile nailoni kwa mikono miwili akaichana toka kichwani hadi miguuni, akaikunja akaitupa kwenye pipa la nje. Akavua koti lake akalitandika, akaweka mto wa gari lake mwenyewe.

"Umeona?" alimwambia baba yake. "Hivi ndivyo Freeman angetakiwa kufanya. Ni jambo la dakika mbili. Lala."

Mzee alisimama pale kwenye kijia, ameshika kabati la juu, kabati ambalo huenda lilifungwa na mtu aliyefundishwa na yeye. Kitanda si cha Treva, alikuwa anajiuliza, je, ni kupokea? Treva alimwona kabisa akijiuliza.

"Baba, nikikuta unalipima hilo nitakuacha hapa na upepo."

Akalala. Alilala hadi Montana.

Alhamisi walifika Missoula saa kumi. Muuzaji anatakiwa akague gari pamoja na dereva, ukurasa kwa ukurasa, na dereva aliyetangulia alikuwa anakaguliwa taratibu. Treva alifungua kigari chake, akaliacha gari-nyumba getini, akatumbukiza funguo kwenye kisanduku cha ofisi na kuondoka bila sahihi ya mtu. Katika miaka kumi na tisa hakuwahi kufanya hivyo. Maili arobaini zile Orva hakusoma kibao hata kimoja.

Leanna alikuwa hai. Alikuwa kwenye kitanda kilicholetwa sebuleni, wa manjano, mdogo kama msichana wa shule, na macho yake yalikuwa makubwa na bado ni yale yake. Ervin alikuwepo, na shemasi wa huko, na wanawake wawili wa kanisa waliokuwa wakipokezana kukesha. Orva alifika akamshika mwanawe mkono akakaa.

Kisha Leanna akauliza, "Baba, nani amekuleta?"

Shemasi wa huko alikuwa amesimama dirishani, wala hakuwa na nia mbaya, alikuwa anasikiliza kama watu wengine. Treva alikuwa mlangoni. Akamtazama baba yake. Hakuwa anataka mengi, jamani. Maneno mawili tu, Treva kanileta, mbele ya watu wanne, halafu wangempigisha magoti mzee kanisani akirudi, angetubu na yangeisha, wangapi wameshatubu. Mbele yake yalipita majimbo sita, na siku ya kusubiri ndama, na nailoni pipani.

"Treva alikuwa na shida," Orva alisema. "Macho yake. Nimekuja namsaidia."

Treva alifungua mdomo. Nusu ya jibu ilikuwa imeshafika kwenye ulimi, na halikuwa jibu la kusemea chumba cha mgonjwa. Baba yake hakumtazama. Alikuwa anatazama vidole vya Leanna, na kidevu chake kilikuwa kinatikisika chini ya ndevu. Treva akaufunga mdomo.

"Macho?" Leanna alisema. "Pole, dada yangu. Njoo."

Treva akaenda. Mgonjwa anayekufa akanyanyua mkono, taratibu, kwa tabu, akauweka juu ya macho mazima ya dada yake, akayaombea. Aliomba kwa Kijerumani cha nyumbani, maneno ya mama yao, kwamba Treva aone njia, asipotee, asiwe peke yake barabarani. Kuombea ni kutoa, kwa hiyo hakuna aliyezuia. Kiganja kilikuwa cha moto. Treva alipiga magoti pale akalia kwa hasira, na wale wanawake wawili wakaona ni macho yanayouma, mmoja akaenda kumletea kitambaa cha maji baridi.

Walimtengea chakula chumba cha kufulia. Hakula. Aliaga akaondoka kabla giza halijaingia, peke yake kwenye kigari cha kijivu, maili zote zile. Baba yake alibaki azike. Alirudi kwa treni reli ilipofunguliwa, maana safari ya kurudi hapakuwa na shida iliyotangazwa.

Leanna aliishi siku tisa zaidi. Siku hizo Treva alikuwa nyumbani, kampuni imemsimamisha mwezi mzima kwa nailoni na kwa sahihi. Na Wilma, kwa moyo mweupe kabisa, alikuwa ameandika kwenye gazeti lao la kila wiki, lile linalosomwa na Waamishi wa majimbo yote: dada yetu Treva Lambright, aliyetengwa, macho yamemshika, tumnyeshee kadi za pole. Ndiyo desturi yao. Wakamnyeshea. Posta walileta kadi mia mbili na kumi na nne. Kadi za maua, za ndege, za watoto waliochora farasi. Mtu wa Pennsylvania alituma maelezo ya juisi ya karoti. Mjane wa Ohio alisema anamwombea kila saa tisa. Watu wasiomjua, ambao hakuna hata mmoja angepokea kijiko mkononi mwake, wanamhurumia kwa mwandiko mzuri.

Moja ilikuwa na muhuri wa Montana. Iliandikwa siku mbili kabla Leanna hajafa, na mistari yake ilikuwa inashuka kuelekea kona.

"Treva. Macho yako hayana kitu. Umeniletea Baba. Asante, asante. Ukisoma choma, wasije wakamsumbua mzee."

Treva aliisoma amesimama jikoni. Akaisoma tena. Katika miaka yote ile hakuna mtu wa kwao aliyemwambia asante, maana asante ni ya mtu aliyepokea, na sasa imekuja moja, na hiyo moja ichomwe. Alitaka kuipeleka kwa Freeman, aiweke mezani, asogee, Freeman aichukue mwenyewe aisome. Alifika hadi mlangoni na funguo mkononi.

Kisha akarudi, akawasha kiberiti, akaichomea kwenye sinki, kwa ajili ya mzee, na majivu akayamwagia maji. Zilibaki mia mbili na kumi na tatu. Kwao kadi haiachwi bila jibu. Akavuta kiti, akachukua kalamu, akaanza na yule wa karoti, kumshukuru kwa kuyajali macho yake.